Kanda ya Dakika 90: shajara ya orodha ya nyimbo ya kila Ijumaa, Mwanza

Ijumaa, 2 Mei 2025. Orodha ya 1

Mjomba aliniachia sanduku la bati lenye kanda 62. Saba zimeota ukungu, moja imetafunwa na panya, zilizobaki zinacheza. Mimi ni fundi redio, kibanda changu kipo Makoroboi, na miaka yote nimekuwa nasikiliza nyimbo za wateja nikiwa nimeinamia pasi ya kulehemu. Sasa nataka kupanga zangu. Kila Ijumaa orodha moja ya dakika 90 kama kanda ya C-90: 45 upande A, 45 upande B. Humo ndani rumba, kwaya, taarabu, jazi, benga, singeli, hata fidla za Ulaya. Wa mwaka 1928 akae kiti kimoja na wa mwaka jana.

Masharti nimejiwekea matatu. Nyimbo mbili za miaka ileile zisifuatane. Kila orodha iwe na angalau wimbo mmoja wa watu wa ziwa hili. Na uwepo mmoja wa lugha ambayo sielewi hata neno.

Nimegawa flashi tatu. Moja kwa dada mwenye saluni Mabatini, moja kwa dereva wa daladala ya Kisesa, moja kwa nahodha wa mtumbwi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Sikuwachagua kwa kupenda muziki. Niliwachagua kwa sababu kitu kikiwa kibaya wanakuambia usoni.

Orodha ya kwanza imenila siku mbili kwa ajili ya wimbo mmoja tu wa Mbaraka Mwinshehe. Kanda ya mjomba ikiingia kwenye deki yangu, gitaa linapanda juu kidogo na Mbaraka anakuwa na sauti ya kijana wa kipaimara. Mota inakimbia. Nyuma ya mota ya deki kuna kitundu, na ndani yake kuna skrubu ya kurekebishia mwendo. Unaingiza bisibisi nyembamba, unazungusha robo ya robo, unasikiliza, unazungusha tena. Mkanda unatakiwa upite sentimita 4.76 kwa sekunde, ila mimi kifaa cha kupimia sina. Nilichofanya ni kuweka kopi ya wimbo huohuo niliyoinunua mtandaoni kwenye sikio la kushoto, kanda kwenye sikio la kulia, nikawa nazungusha mpaka magitaa mawili yakawa moja. Yalipokutana ilikuwa kama mtu amekaa katikati ya kichwa changu anapiga.

Mtu ataniuliza, sasa kama kopi safi unayo, ya kazi gani kanda? Ni kwamba mjomba alirekodi wimbo ule kwa kuweka redio kaseti mbele ya redio nyingine, na kabla gitaa halijaanza anasikika akikohoa. Kikohozi nimekiacha. Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, na mjomba hadi anakufa alikuwa akihesabu miaka hivyo: huyu alizaliwa kabla ya Mbaraka, yule baada ya Mbaraka.

Ijumaa, 9 Mei. Orodha ya 2

Balaa la Jumamosi iliyopita kwanza.

Dereva alinipigia saa tatu asubuhi. "Fundi, umeamua kunichezea?" Orodha ya 1 niliipanga kwa jasho: inaanza polepole, inapanda, inashuka, upande B unaanza na kwaya. Kwenye gari lake ilianza na singeli. Saa kumi na mbili asubuhi, abiria wana usingizi machoni, mama mmoja ana ndoo ya samaki mapajani, halafu zinapigwa ngoma za mwendo wa farasi anayefukuzwa na nyuki. Baada ya hapo ikaja fidla. Konda alikuwa ameanza kucheza mlangoni, ikabidi asimame mguu mmoja hewani.

Kosa ni langu. Niliandika namba mwanzoni mwa kila jina, 01, 02, 03, nikadhani nimemaliza. Kumbe redio nyingi za magari hazisomi majina. Zinafuata mpangilio ambao nyimbo ziliingizwa kwenye flashi, na kompyuta ukiiambia ibebe nyimbo 17 kwa mpigo inabeba inavyojisikia. Redio ya saluni yenyewe inapanga kwa majina, kwa hiyo dada wa Mabatini alisikia orodha yangu na dereva alisikia orodha ya shetani. Walipokutana kibandani kwangu walibishana nusu saa kuhusu kanda mbili tofauti.

Dawa yake: kufuta flashi yote, kisha kuingiza wimbo mmoja mmoja kwa mkono kwa zamu yake. Inachosha, lakini inafanya kazi kote.

Ila katika ile vurugu kulikuwa na kiungo kimoja ambacho mimi nisingekifikiria hata kwa kulipwa. Kwaya ya AIC Makongoro, ya hapahapa mjini, iliishia, na papo hapo akaingia Franco na TPOK Jazz na "Mario" ya mwaka 1985. Dereva anasema gari zima lilikuwa limeshaanza kuimba na kwaya, Franco alipoanza hawakunyamaza, wakaendelea kuguna kwa chini. Mama mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Huyu naye anahubiri." Na ni kweli! Wimbo mzima Franco anamkemea kijana msomi anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri. Mimi ningeweka kwaya karibu na kitu kitakatifu. Mahubiri kumbe yana ndugu kwenye dansi, na kiungo hicho sikivunji tena.

Orodha ya 2 yenyewe ni ya taarabu kwa upande A. Inafungua Siti binti Saad. Mwaka 1928 alivuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodiwa, na santuri za wakati ule zilibeba kama dakika tatu kwa upande mmoja, ndiyo maana nyimbo zake zinaisha ukiwa ndiyo kwanza umekaa sawa. Jirani yake nimemweka Umm Kulthum, ambaye ana ugonjwa wa kinyume. "Enta Omri" ya mwaka 1964 jukwaani ilikaribia saa nzima. Upande mzima wa kanda haumtoshi. Nimechukua utangulizi wa vyombo tu, na hapo kuna gitaa la umeme linachungulia katikati ya fidla za Kairo kama mgeni aliyekosea mlango wa harusi. Ujirani huu sikuubuni mimi. Sultani Barghash ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza muziki, na taarabu ya Unguja ikaanzia kuimbwa Kiarabu kasrini kabla Siti hajaishusha mtaani na Kiswahili chake.

Dada wa saluni: "Yule bibi wa kwanza namtaka. Wa pili mwambie aanze kuimba."

Ijumaa, 16 Mei. Orodha ya 3

Mbalamwezi. Wiki hii mitumbwi ya dagaa imevutwa mchangani. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwaka ziwa zima linakuwa na taa moja kubwa, basi hakuna anayekusanyika chini ya taa yako. Wavuvi wanashona nyavu, wanalala, wanadaiwa. Nahodha amekuja kibandani na flashi yangu imenuka dagaa mpaka nimeifuta kwa spiriti ya kusafishia hedi ya deki.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, kaka. Shikamoo ya mkopo, umekuja kunitukana?"

"Hapana. Nimekuja kuuliza ule wa Wajerumani umeutoa wapi."

Nikaduwaa. Kwenye orodha ya 1 niliweka "Autobahn" ya Kraftwerk, ya mwaka 1974, dakika 22 na ushee za mashine za umeme. Niliiweka kwa ukaidi tu, kutimiza sharti la lugha nisiyoijua. Saluni waliizima dakika ya nne. Kwenye daladala konda aliiruka kabla haijafika hapo. Kumbe mtumbwini hakuna anayeruka kitu: mikono imelowa, imejaa magamba, redio imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kinachoanza kinaisha.

"Ule unaenda na mashine," akasema. "Tukiondoka Kirumba ukianza, injini nayo inaimba humohumo. Ukiisha tumeshakaribia pa kuzima. Vijana wameupa jina, Dizeli. Wanasema nini mle?"

Nikamwambia wanasema wanaendesha gari, wanaendesha, wanaendesha, barabara kuu.

"Basi?"

"Basi."

Akafikiri kidogo. "Sawa. Hata sisi hatuna la zaidi."

Nimekaa na maneno hayo tangu Jumanne. Nilikuwa napanga orodha kana kwamba msikilizaji ni mmoja na yuko kwenye kiti kimoja. Saluni draya inanguruma, mazungumzo yanakatika kila mteja akiingia, wimbo wa dakika tatu na nusu unatosha. Daladala ni vituo: Igoma, kushusha, kupakia, unataka kiitikio kinachodakwa na mtu aliyepanda katikati. Mtumbwini usiku ni mrefu. Kwa hiyo kuanzia leo upande B ni wa majini. Nyimbo ndefu zote zinahamia huko: Fela Kuti, Franco wa dakika kumi na kitu, Kraftwerk.

Jambo dogo: niliweka pia "Tanganyika Strut" ya Wilbur Harden, waliyoirekodi Marekani mwaka 1958, John Coltrane akiwa kwenye saksafoni, miaka mitatu kabla ya Uhuru wetu. Nilidhani jina litawauza. Dada wa saluni alisema ni muziki wa hotelini. Dereva alisema ni muziki wa hotelini ambayo chai ni shilingi elfu tano. Nitaijaribu tena, lakini nikiitangulizia Cuban Marimba ya Salum Abdallah, maana tarumbeta za Morogoro zinaweza kumshika mtu mkono hadi zile za Marekani.

Jumatano, 21 Mei

Leo ni miaka 29 tangu MV Bukoba izame asubuhi ikikaribia Mwanza. Saluni hawakufungua redio. Dada ana shangazi aliyezikwa Igoma, kwenye yale makaburi.

Nilikuwa na orodha ya 4 karibu kamili, imechangamka. Nimeiweka pembeni.

Ijumaa, 23 Mei. Orodha ya 4

Upande A peke yake, wiki hii upande B mtupu. Hakuna sauti ya mtu kuimba mpaka dakika ya kumi na moja.

Inaanza Pablo Casals akipiga Bach kwa cello, kutoka zile rekodi alizofanya kati ya 1936 na 1939. Cello ni lile fidla kubwa linaloegemezwa magotini. Rekodi ni kuukuu, ina mchakacho wa santuri kama mtu anakaanga karanga chumba cha pili. Ukivaa hedifoni unasikia kitu kingine: kabla noti haijatoka, nywele za upinde zinaung'ata uzi. Kuna mkwaruzo mfupi sana, kisha sauti. Nilitafuta ni nani mwingine ana mkwaruzo ule, nikampata nyumbani. Hukwe Zawose na zeze la Wagogo. Kibuyu, nyuzi chache, upinde, na mkwaruzo ni uleule. Tofauti ni kwamba Casals anajitahidi kuuficha na Zawose anauacha uwe nusu ya wimbo. Nilipowapanga mmoja nyuma ya mwenzake niliacha sekunde mbili tu katikati. Ukifumba macho hujui ni wakati gani umetoka Ulaya ukafika Dodoma.

Baada yao enanga ya Wahaya, upande wa pili wa ziwa ambako meli ile ilitokea. Enanga ni kipande cha mti kilichochongwa kama hori, uzi mmoja unapitishwa kwenda na kurudi mpaka unakuwa safu ya nyuzi. Mpigaji anasimulia zaidi kuliko anavyoimba. Kihaya sikijui, kwa hiyo na sharti la tatu nimelitimiza bila kutaka.

Hakuna aliyenipa maoni. Dada aliuliza tu, "Yule wa pili ni nani?" Nikamwandikia jina kwenye risiti.

Ijumaa, 30 Mei

Hakuna orodha. Pentekoste inakaribia na nimeletewa amplifaya tatu za makanisa matatu, zote zimeungua palepale kwenye transista za mwisho, kila mchungaji anasema ya kwake ndiyo ya haraka. Nahodha ametuma ujumbe: giza zuri, dagaa wapo, wanarudia orodha ya 3 na Dizeli.

Ijumaa, 6 Juni. Orodha ya 5

Wiki hii nimepigana na ukubwa wa sauti. Wimbo wa mwaka jana umebanwa mpaka kila kitu kiko juu. Santuri ya zamani imekaa chini, inanong'ona. Ukizifuatanisha, dada anapandisha redio kwa ajili ya Siti, kisha wimbo wa pili unamrusha mteja kwenye kiti rangi ya kucha ikiwa bado mbichi. Imetokea, na kucha ilirudiwa bure.

Kompyuta inaweza kupima wastani wa ukubwa wa sauti kwa kipimo kinachoitwa LUFS. Majukwaa ya muziki kama Spotify huzisogeza nyimbo karibu na -14. Nami nilizivuta zote hapo. Za kisasa zilishuka bila matatizo. Siti alipopanda, alipanda na karanga zake zote: mkwaruzo ukawa mkubwa kuliko yeye. Nikajaribu kuuchuja. Mkwaruzo uliondoka, na pumzi yake ikaondoka nao, ikabaki sauti ya mtu anayepiga simu kutoka kwenye pipa. Nikarudisha. Uamuzi: za kisasa zishuke zaidi, mpaka -17 hivi, ziwafuate wazee waliko. Redio zina kitufe cha kupandishia, atakayetaka apandishe mara moja kwa orodha nzima.

Ndipo nikaweza kupanga kile nilichokuwa nakitamani tangu mwanzo: Saida Karoli na "Maria Salome" ya mwaka 2001, papo hapo nyuma yake "Salome" ya Diamond na Rayvanny ya mwaka 2016, iliyojengwa juu ya wimbo uleule. Miaka 15 katikati. Wasichana wa saluni wanamjua wa pili tu na wanaamini ndiye baba. Wakati Saida anaanza walikuwa wanaimba maneno ya Diamond juu yake, yakawa hayakai, wakacheka, halafu wakanyamaza, na yule mdogo kuliko wote akasema, "Kumbe ana mama." Mteja mmoja wa Kihaya aliyekuwa chini ya draya alitoa kichwa nje, akaanza kuwatafsiria. Akakaa nje ya draya dakika tano. Dada alinilaumu kwa hilo pia.

Freddie Mercury nimemweka mara moja, kwa heshima ya kuzaliwa Zanzibar mwaka 1946. Dereva: "Hii kwaya imeharibikiwa gari njiani." Nimemtoa.

Ijumaa, 13 Juni. Orodha ya 6

Mbalamwezi tena, nahodha yupo mjini, na dereva kaja na jambo. Bulabo, ile sherehe ya ngoma za Wasukuma, imekaribia, gari lake litakuwa linapeleka watu Bujora siku nzima, anataka orodha ya kuwafikisha watu wakiwa wameshapata moto. "Kwanza niambie, wewe uko Bagika au Bagalu?" Nikamwambia fundi hana upande, anatengeneza redio za wote. Akasema jibu hilo linanuka woga. Ngika na Gumha, waganga wawili walioanzisha mashindano yale ya ngoma, wasingefika popote kwa jibu la namna hiyo. Kushindana ndiyo ngoma yenyewe: timu mbili zinacheza wakati mmoja, na mshindi ni aliyewavuta watazamaji wa mwenzake.

Basi upande A nimeupanga kama mchezo wa kuvutana. Unaanza na ngoma za Wasukuma kutoka rekodi za Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 na mashine zake. Kisha iritungu la Wakurya, lile zeze kubwa la kukumbatia lenye sauti inayotokea chini ya ardhi. Kisha D. O. Misiani na Shirati Jazz. Huyu Kenya wanamhesabu baba wa benga na wana haki, bendi aliikuzia kwao, lakini kazaliwa Shirati, mkoa wa Mara, kwenye maji haya haya. Sikiliza gitaa lake: vidole vinadonoa nyuzi moja moja haraka haraka kama nyatiti ya Wajaluo. Ukitoka kwenye iritungu ukaingia kwake hupandi ngazi hata moja.

Kutoka Misiani kwenda singeli ndiko nilikokwama wiki nzima. Singeli inakimbia mapigo zaidi ya 200 kwa dakika na kila nilipoiweka ilikuwa kama mlango umepigwa teke. Juzi usiku nilikuwa napigapiga meza kwa kidole nikifuata benga, nikasahau kusimamisha wimbo, singeli ikaingia, na kidole hakikubadilika. Kiliendelea vilevile. Nikahesabu: ile benga ilikuwa karibu na 105, singeli 210. Mguu ni uleule, mikono ndiyo imezidisha mara mbili. Kwa hiyo sikuhitaji wimbo wa katikati wa kuwazoesha watu. Nilihitaji singeli moja yenye mapigo mara mbili kamili, na benga isiishe kwa kufifia, ikatwe palepale gitaa linapomaliza mzunguko. Nimekata mara 11 mpaka ikakaa. Nimemchezea konda bila kumwambia kitu. Alikuwa anatikisa kichwa, kikaendelea kutikisika, ndipo akashtuka: "We! Tumefikaje huku?"

Upande B wa majini uko hivi: Fela kwanza, halafu Jean Bosco Mwenda na gitaa lake pweke, yule aliyerekodiwa na Tracey huyohuyo Katanga mwaka 1952, halafu Dizeli kwa maombi maalumu, halafu Mbaraka wa orodha ya 1 na kikohozi chake. Nahodha aliuliza yule anayekohoa ni nani. Nilimwambia ni mjomba. Akasema vijana wake humjibu "Pole, mzee" kila anapokohoa, imekuwa mazoea.

Zimebaki dakika 4 na sekunde 10 mwishoni. "Tanganyika Strut" haingii, ni ndefu mno. Kuna kanda ya mjomba isiyo na jina, mwanamke anaimba na gitaa moja, mkanda umekunjika mahali pawili, nimeunyoosha kwa kuuzungusha na kalamu ya risasi na sasa unapita. Ni dakika 3 na sekunde 50. Nahodha anakuja kuchukua flashi saa kumi na moja.